Mafunzo ya wakunga yahamie wodini

Kati ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Vya wachanga, yaani wasiofikisha mwezi, vilitoka 25 vikafika 24. Chanjo, vyandarua na dawa mseto ya malaria vimefanya kazi yake kwa watoto waliokwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto wa dakika moja hana haja ya chandarua bado. Yeye yuko mikononi mwa mkunga aliye zamu, na mikono hiyo ndiyo inayojadiliwa hapa.

Tunaifundishaje? Kila mtumishi wa afya mkoani Tabora, kuanzia Nzega hadi Kaliua, anajua jibu: semina. Barua inafika halmashauri, kila kituo kinatakiwa kutoa jina moja, washiriki wanakusanyika ukumbini siku tatu au tano. Slaidi zinapita. Mdoli mmoja anazungushwa kwa watu thelathini, kila mmoja anamgusa dakika mbili. Picha ya pamoja, cheti, posho, basi la kurudi. Mara nyingi aliyekwenda ni yuleyule aliyekwenda mwaka jana, na asilimia kubwa ya zamu za usiku hazimhusu tena kwa sababu sasa ni mfawidhi.

Kwamba njia hii haifiki leba si suala la kubishania, maana lilishapimwa hapahapa nchini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa watumishi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mchanga kupumua, yale yanayojulikana kwa jina la Helping Babies Breathe. Walipopimwa kwa mdoli miezi kadhaa baadaye, walikuwa wamepiga hatua. Walipochunguzwa wakiwahudumia watoto wenyewe, huduma ilikuwa ileile. Hayo yalichapishwa 2013. Baadaye hospitali ikaanzisha mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale leba, na kipindi kirefu kidogo kila mwezi. Vifo vya ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Somo lilikuwa lilelile. Walibadilisha mahali pa kulifundishia na idadi ya marudio.

Tabora nayo si mgeni wa jambo hili. Mkoa huu ni mmoja wa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, ilimoendeshwa programu ya Safer Births katika vituo 30, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilitoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Tuwe wakweli, mazoezi hayakuwa peke yake. Kulikuwa na vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, mifuko bora ya kupumulishia, na takwimu za kituo zilizojadiliwa na watumishi wenyewe. Mafanikio pia hayakulingana mkoa kwa mkoa. Lakini kiini chake kilikuwa kilekile cha Haydom: kidogo, mara kwa mara, mahali pa kazi.

Swali langu ni hili. Kama tumekubali kwamba kumpumulisha mchanga ni kazi ya mikono inayohitaji kurudiwa kila wiki, kwa nini kunyonyesha tumekuacha kuwe somo la kusikiliza? Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya unyonyeshaji yaliyotumika kwa miaka mingi yalikuwa ya saa 20, na kati ya hizo saa 4 na nusu tu zilikuwa za vitendo kwa akina mama. Hatua Kumi za mwaka 1989, mwongozo wa mashirika hayohayo wa kufanikisha unyonyeshaji, ziliporekebishwa 2018, mkazo ulihama: hatua ya pili sasa inadai watumishi wawe na maarifa na ujuzi wa kutosha, na kinachopaswa kupimwa ni kama nesi anaweza kumsaidia mama. Saa alizokaa kwenye kiti hazitoshi kuwa ushahidi. Ukutani kwetu bango limebadilika. Upimaji haujabadilika.

Tazama kinachotokea wodi ya wazazi siku ya pili. Mama wa uzazi wa kwanza amekaa kitandani ameinama, mtoto amelazwa mapajani tumbo likitazama juu, shingo imezungushwa pembeni kulifuata titi. Nesi anapita, ana wagonjwa wengine kumi na wawili. Anashika titi kwa mkono mmoja na kisogo cha mtoto kwa mwingine, anavikutanisha kwa nguvu. Mtoto anajikaza na kurudisha kichwa nyuma. "Huyu hataki," nesi anasema, au lile lingine ambalo ni baya zaidi: "Mama, maziwa yako hayajashuka."

Mtoto alitaka sana. Kisogo cha mchanga kikisukumwa, yeye husukuma kurudi nyuma, ndivyo alivyoumbwa. Mkono unatakiwa ukae chini zaidi, kwenye mabega na msingi wa shingo, kichwa kiwe huru kuinuka kidogo. Mwili wote umgeukie mama, tumbo kwa tumbo, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, pua ikabiliane na chuchu wala si mdomo. Hapo mama anaigusisha chuchu kwenye mdomo wa juu na kusubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kunaweza kuchukua dakika nzima na foleni ipo mlangoni. Mdomo ukipanuka kama wa mtu anayepiga miayo, mtoto analetwa upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Titi halipelekwi kwa mtoto.

Dalili za kushika vizuri ni nne: kidevu kimegusa titi, mdomo umepanuka, mdomo wa chini umegeukia nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Nesi wengi huzitaja nne hizo bila kukosea ukiwauliza darasani. Waombe wakae kwenye kigoda kando ya kitanda waseme ipi inakosekana kwa mtoto huyu, na majibu yanakuwa matatu kwa watu watatu. Ishara nyingine isiyohitaji darasa ni chuchu yenyewe inapotoka mdomoni: ikiwa bapa au imechongoka upande mmoja, ilikuwa inabanwa kwenye kaakaa gumu, na mama huyo kesho atakuwa na mchubuko hata akipakwa mafuta ya aina gani.

Sentensi ya "hayajashuka" inastahili kuangaliwa peke yake kwa sababu ina mwendelezo. Siku ya kwanza mtoto hupata mililita 2 hadi 10 kwa mnyonyo mmoja. Kijiko cha chai ni mililita 5. Hayo ni maziwa ya mwanzo ya njano, mazito, na ndicho kipimo chake sahihi. Mama anayetarajia kuona maziwa yakitiririka anaambiwa hana. Ndugu anatumwa dukani kununua kopo la maziwa, au bibi anachemsha maji ya sukari. Mtoto anashiba, analala kwa muda wa saa tano. Titi ambalo halikunyonywa wala kukamuliwa linajaa, na maziwa yanayobaki ndani ndiyo yanayouambia mwili upunguze kutengeneza. Siku ya nne maziwa kweli ni machache, na nesi anaonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kanuni za kimataifa za kuzuia matangazo ya maziwa mbadala zipo tangu 1981, na Tanzania ina zake, lakini hapo hakuna kampuni iliyovunja chochote. Aliyeuza kopo ni sisi.

Kukamua kwa mkono ndio ujuzi ambao ungekata mnyororo huo, na ndio unaofundishwa kwa uzembe mkubwa kuliko wote. Mama ananawa mikono, anakanda titi kwa wepesi, anaweka kidole gumba juu na vidole viwili chini kwa umbo la herufi C, sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chuchu. Anasukuma kuelekea ubavuni kwanza, kisha anabana, kisha anaachia. Sukuma, bana, achia. Kosa la kawaida ni kutelezesha vidole kwenye ngozi kuelekea chuchu kama mtu anayekamua ng'ombe: inauma, inachubua, na maziwa hayatoki kwa sababu mifereji yenye maziwa imeachwa nyuma. Dakika 3 hadi 5 titi moja, unahamia la pili, unarudia. Kwa jumla dakika 20 hadi 30. Matone machache ya siku ya kwanza yananyonywa na bomba dogo la sindano lisilo na sindano moja kwa moja kutoka kwenye chuchu, maana kikombeni yote yangeishia kugandamana kwenye kuta zake. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa 4 kwenye joto la nyuzi 25. Tabora ya Oktoba wodi hupita hapo kabla ya mchana, kwa hiyo mtu asifundishe kipimo cha saa bila kutaja joto.

Kwa wanaozaliwa njiti, makosa ni ya hesabu zaidi. Chukua mtoto wa kilo 1.6 aliye imara, anayelishwa kwa mpira. Siku ya kwanza ni mililita 60 kwa kilo: 96 kwa siku, gawa kwa milo 8, unapata 12 kila baada ya saa tatu. Kila siku unaongeza mililita 20 kwa kilo ukiona hatapiki na tumbo halijavimba. Kesho ni 16, keshokutwa 20, siku ya sita anafika 160 kwa kilo, yaani 32 kwa mlo. Faili hukwama kwenye 12. Aliyeandika alikuwa zamu ya Jumatatu, anayefuata anaona "12 ml" na kuheshimu maandishi, na mpaka Ijumaa mtoto anakula chakula cha siku yake ya kwanza. Kisha uzito unapungua kupita asilimia 10 na daktari anatafuta maambukizi. Kosa la pili ni mlo wa saa tisa usiku. Angalia karatasi za ulishaji popote: saa tatu na saa sita zimejazwa kwa kalamu tofauti, saa tisa na saa kumi na mbili zimejazwa kwa wino mmoja, kwa haraka moja.

Huduma ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, inateswa na jambo linalofanana na hilo. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotolewa 2021 ulihusu watoto wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kutengemaa kwanza: vifo vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Kipimo kinachopendekezwa ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Wodini "kangaruu" imekuwa kipindi cha saa mbili baada ya chakula cha mchana, kama mazoezi ya viungo. Na kufunga kitenge kuna ufundi wake: miguu ya mtoto ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeuzwe pembeni na kuinuliwa kidogo ili koo lisijikunje, ukingo wa juu wa kitenge ufike chini ya sikio, kitenge kikazwe kwenye kifua cha mtoto lakini tumbo liachiwe nafasi ya kupumua. Hili halifundishiki kwa picha.

Kuna sehemu ya elimu endelevu ambayo ni ngumu kuliko kujifunza, nayo ni kuacha. Mkunga aliyehitimu miaka ishirini iliyopita alifundishwa, na mtihani alifaulu, kwamba kila mtoto afyonzwe mdomo na pua, kitovu kikatwe mara moja, mtoto aogeshwe apendeze kabla ndugu hawajamwona. Leo mtoto anayelia hafyonzwi. Mpira wa kufyonzea huweza kupunguza mapigo ya moyo na unakula sekunde. Kitovu kinasubiri dakika 1 hadi 3. Kuoga kunangoja saa 24 ili joto lisishuke chini ya nyuzi 36.5. Mama mwenye VVU mwaka 2005 alipewa ushauri wa kuchagua kati ya kopo na titi. Tangu mwongozo wa dunia wa 2010, kwa dawa, ananyonyesha, na ule wa 2016 ukaruhusu hadi miezi 24 na zaidi akiendelea na dawa vizuri. Bado unamkuta nesi anayemnong'oneza mama huyo "ukiweza, acha mapema", kwa nia njema kabisa. Slaidi haiondoi mazoea ya mikono ya miaka ishirini. Huondolewa na mwenzako anayekuona palepale unanyoosha mkono kuchukua mpira wa kufyonzea na kusema, "Dada, analia huyo, muache."

Sekunde nimezitaja. Haydom iliwahi kuonyesha kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha huongeza hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16. Nusu dakika ndiyo muda wa kutafuta funguo ya kabati lililofungiwa ambu, ule mfuko wa kupumulishia, kwa hofu ya wizi.

Basi zoezi la wodini liweje? Siku moja ya wiki, tuseme Jumanne saa moja na nusu asubuhi, zamu ya usiku ikiwa bado haijaondoka. Dakika tano mdoli na ambu: kausha, sisimua, kichwa kwenye mkao wa kunusa (kidevu kimeinuliwa kidogo), barakoa ikae kuanzia kidevu bila kuziba macho, pumulisha mara 40 kwa dakika, kifua kiinuke. Kisipoinuka, mpangilio wa kurekebisha urudiwe mpaka uwe wimbo: barakoa, kichwa, mdomo, kisha nguvu ya mkono. Dakika tano nyingine ni za titi. Titi la kufundishia halinunuliwi. Soksi ya kahawia inajazwa vitambaa, uzi unazungushwa kwenye ncha kutengeneza chuchu. Soksi ya pili nyeupe inachorwa mifereji kwa kalamu ili kuonyesha vidole vibane wapi. Mmoja anamsaidia "mama", mwingine anaangalia na karatasi ya nusu ukurasa. Makosa hayaingii kwenye faili la mtu; yakianza kuingia, wiki ya tatu hakuna atakayejitokeza.

Kisha kila nesi, mara moja kwa wiki, akae aangalie mnyonyo mmoja mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, asimguse mama wala mtoto, ajaze karatasi ndipo aseme. Dakika kumi na tano hizi naziona bora kuliko siku nzima ya ukumbini. Mwongozaji wa zoezi asiwe lazima mfawidhi. Nesi kijana mwenye mikono mitulivu anafaa zaidi, ila mfawidhi afanye zoezi mbele ya wote wiki ya kwanza, na akikosea akosee hadharani.

Pingamizi la haki ni la watumishi. Nesi mmoja mwenye akina mama watatu leba hatafuti dakika tano za mdoli, anatafuta mwenzake. Ni kweli, na hakuna zoezi linaloziba pengo la ajira. Kwenye zahanati za ndani ya misitu ya Sikonge au Kaliua, ambako masika hukata barabara, mkunga yuko peke yake na mhudumu. Huko nguvu itoke kwa timu ya halmashauri inayokuja na gari kwa usimamizi shirikishi. Sasa hivi gari linafika saa tano, linakagua rejista, linahesabu dawa, linasaini kitabu cha wageni na kuondoka. Dakika ishirini za ziara hiyo zitolewe kwenye rejista zipewe ambu, na mhudumu naye afunzwe kushika barakoa kwa mikono miwili ili mkunga abonyeze. Mdoli abaki kituoni. Asirudi na gari.

Limebaki suala la posho, ambalo watu huliongea pembeni. Semina inaziba pengo la mshahara, na anayependekeza kuifuta bila kusema nesi atafidiwaje anajiandalia upinzani wa kimyakimya. Sioni ubaya fedha ya ukumbi, chakula na mafuta ikagawanywa upya: sehemu iende kwa mwongozaji wa zoezi wa kila kituo, kila mwezi, dhidi ya karatasi zilizojazwa. Pointi za elimu endelevu zinazotakiwa kuhuisha leseni nazo zihesabu mazoezi haya, yakiwa yamesainiwa na kukaguliwa. Na barua ya uhamisho iache kumtoa mtu aliyefundishwa wodi ya wachanga kumpeleka wagonjwa wa nje kabla ya miezi kumi na minane, au mwongozaji mpya awe ameshika nafasi kwanza, wafanye pamoja Jumanne nne.